Buya, Usiitoe Injini Hiyo kwa Neno Langu

Mjukuu wangu Buya, mume wangu uliyenikimbia,

Simu zangu huzishiki, basi nimeona nikuandikie. Kalamu ameishika Mama Hadhara, jirani yetu anayeshona sare za kwaya. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asinipambie maneno. Basi la Mombasa linapita Garsen saa sita. Dereva wake ni mtu wa kanisa letu, amekubali kuileta barua mpaka mlango wa gereji yako. Kwa hiyo nina asubuhi hii tu. Tangu tuanze nimeshainuka mara tatu. Mama Hadhara ananiambia, "Kaa chini, mama, unanichanganya." Siwezi kukaa.

Juzi Mariamu dada yako alinipa habari. Alisema Jumamosi hii unaitoa injini ya gari lako la mashindano, ile inayolia mpaka juu, na unatia nyingine kubwa ya turbo inayovuta kuanzia chini. Nikamuuliza, kwani imeharibika? Akasema haijaharibika. Nikamuuliza, sasa? Akasema, "Nyanya, anasema wewe ulisema kweli. Anasema tangu siku ile kila akikanyaga mafuta anasikia sauti yako, anaachia kabla injini haijaamka. Amekuwa wa mwisho kila wakishindana."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Niliitua chini, na uji wenyewe sikuunywa.

Sikusema kweli, Buya. Hilo ndilo nililotaka uandikiwe, na ningeweza kuishia hapo. Lakini nakujua. Utasema bibi ananibembeleza. Kwa hiyo nitakueleza kuanzia mbali, ili uone mwenyewe uongo uliingilia wapi.

Unaikumbuka mashine ya maji ya babu yako? Ile ya dizeli, ya silinda moja, yenye gurudumu zito pembeni kama jiwe la kusagia. Ulikuwa mdogo, mama yako hajamaliza mwaka kaburini, na hukuwa unasema na mtu. Ukawa unashinda kando ya mto na ile mashine. Babu yako anazungusha hendeli, anatema mate pembeni, anaachia, nayo inaanza: tu… tu… tu. Polepole hata mtu angeweza kuhesabu kila pigo. Wewe ulikuwa ukitembea tutani kwa mapigo yake, mguu kwa pigo, mguu kwa pigo, mpaka maji yafike kwenye migomba. Siku moja ukarudi nyumbani ukasema, "Nyanya, leo imekula jani." Ndilo neno la kwanza nililosikia kwako baada ya miezi. Nikakimbia mtoni, nikakuta ni kweli, majani yameziba mdomo wa bomba. Na mashine haikuzimika. Ilikuwa imeteremsha sauti tu, inanguruma kifuani, inavuta hivyo hivyo.

Babu yako akasema, "Mnaona? Mashine ni kama mtu mzima. Ikipiga kelele, jueni haina nguvu."

Neno lile nililiweka moyoni kama amri. Mume alikuwa mtaratibu, mashine yake taratibu, maji yakapanda, watoto wakala. Ningelitilia shaka kwa lipi?

Halafu babu yako akaondoka duniani, na mwaka uliofuata mashine nayo ikapasuka kichwa. Wewe ulikuwa unajifunza ufundi Garsen. Ukaja Jumapili na pampu ya petroli, ndogo, umeibeba kwapani kama kuku. Nikakuambia, hii ndiyo itapandisha maji ukingo huu? Ukaivuta kamba, ikawaka, ikawa inanong'ona, na kule juu halifiki hata tone. Nikacheka. Nikasema kumbe umeniletea redio. Wewe ukasukuma kile kidude cha mafuta mpaka mwisho, na kile kitu kikapiga yowe ambalo Waorma walilisikia ng'ambo ya pili na mifugo yao. Nikakuambia, "Izime, itakufa." Ukasema, "Haifi, mke wangu. Ndiyo kwanza inaamka." Na maji yakatoka kwenye mdomo wa bomba kama yamefukuzwa.

Nilinuna siku nzima. Niliona umemtukana babu yako. Basi jioni ukaja na baiskeli ya gia ya mwinjilisti, ukaipindua miguu juu hapo uani, ukaniambia, "Nyanya, shika tairi la nyuma, usiliache lizunguke." Ukazungusha pedeli kwa mkono. Nikalizuia kwa kiganja kimoja. Ukacheka, ukabadilisha gia, ukaanza kuzungusha haraka haraka, mkono wako hauonekani, na tairi likawa linakwenda taratibu. Nikalishika. Likaniburuta mkono, nikashika kwa yote miwili, bado linaniburuta. Ukasema, "Nguvu haikutoka kwangu, mimi ni yule yule. Mbio za huku zimegeuka nguvu za kule. Kazi ya gia ni hiyo. Kuna injini inavuta sana ikizunguka polepole, kama ya babu. Kuna injini inavuta kidogo kidogo lakini mara nyingi sana kwa dakika. Ukiipa gia yake, kazi inafanyika."

Nilikuelewa, Buya. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, lakini mkono wangu ulisoma siku ile. Kwa hiyo usije ukasema nyanya hakujua alichokuwa anasema mwaka jana. Nilijua, na ndiyo maana miguu yangu haitulii.

Mama Hadhara ameomba maji. Nimempa. Saa inakwenda.

Mwaka jana, maji ya mto yaliporudi mahali pake, ulikuja. Ilikuwa Ijumaa, na Jumapili ulikuwa na mashindano Mombasa, yale makubwa uliyoyangoja tangu ulipoanza kulijenga gari kwa vipande. Ulisema huwezi kwenda bila mkono wangu kichwani. Ukanikuta sokoni Garsen na kikapu changu cha ndizi. Watu wakaacha hata mbuzi zao kutazama kile kigari cheupe, viti viwili, paa la kitambaa. Yule mama wa chai akaniita, "Eh, mama wa Golbanti, mume amerudi na kitanda cha magurudumu." Nikamjibu, "Wivu utakuua, na chai yako haina sukari." Nikaingia. Nilikaa chini kabisa, magoti usoni, kama mtu aliyekalia mbuzi ya nazi.

Ukasema nyumbani baadaye, kwanza nikuonyeshe kitu. Tukashika lami ya kwenda Minjila. Mwanzoni nikakuambia, "Mbona linakwenda kivivu? Lori la ng'ombe limetupita." Ukasema, "Ngoja." Barabara ikawa nyeupe mbele, hakuna mtu, hakuna ngamia. Ukarudisha gia moja nyuma, ukakanyaga. Nikatazama ule mshale unaohesabu mizunguko ya injini kwa maelfu. Ulipita nne, ulipita tano, na hapo sauti ikabadilika, ikawa si ya gari lile tuliloingia nalo. Ikawa nyembamba, imenyooka, inapanda tu, sita, saba, nikadhani imefika, kumbe bado, ikapanda tena, na kilemba changu kikaruka kikaenda zake. Mgongo wangu wote ulikuwa unaisikia. Ukabadilisha gia na ikaanza kupanda upya.

Uliposimamisha ukaniuliza, "Umeiona?"

Nikakuambia, "Rudia."

Tulirudia mara tatu. Kilemba tulikikuta kwenye mgunga. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na nilikuona uso wako, Buya. Tangu tumzike mama yako sikuwa nimekuona na uso ule. Hukuwa unaendesha kwa fujo. Ulikuwa unasikiliza, kichwa umekiinamisha kidogo upande, kama ulivyokuwa ukisikiliza mashine ya babu yako. Ukaniambia, "Hii haikupi kitu kama umelala, nyanya. Lazima ujue iko wapi, uichagulie gia kabla ya kona, uifuate juu kule inakokaa. Zile za nguvu za chini unakanyaga tu popote, inakwenda. Hii inataka mtu awepo." Nikasema moyoni, basi ndiyo sababu imemwamsha.

Haya. Sasa nafika penyewe, na nimesimama mlangoni, nashindwa kumtazama hata huyu anayeandika.

Tuliporudi, pale njia zinapogawanyika, ukasimama. Njia ya juu inakwenda na tuta, inazunguka nyuma ya shule. Njia ya chini inakata katikati ya mashamba ya mpunga. Ukaniuliza, "Nyanya, huko chini pamekauka?"

Nikasema, "Pamekauka. Jana tumepanda."

Wewe ni mtoto wa hapa, lakini umekaa sana Mombasa. Umesahau kwamba sisi tukisema pamekauka baada ya mafuriko, tunasema habari za kisigino. Unabonyeza kisigino, pakibaki shimo bila kujaa maji, ardhi iko tayari kwa mbegu. Juu kuna ganda limepasuka vizuri, linambeba mama na mtoto mgongoni, hata ndama. Chini ni uji mweusi. Mtu angeweza kusema nilipitiwa, nilikujibu kama mkulima, sikufikiria tairi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu, na nikadhani wameniamini.

Si kweli. Asubuhi ile ile, nikienda sokoni, nilimwona kijana wa bodaboda pale pale, pikipiki imezama mpaka injini, anaivuta huku anatukana. Nilimpita. Nilijua.

Nilikupeleka chini kwa sababu wanawake wote wa mpunga walikuwa kule siku ile. Nilitaka wakuone. Walinisema sana ulipoacha shule, walisema mtoto wa marehemu anapotelea kwenye grisi. Nilitaka nipite katikati yao nimekaa kwenye gari lile, kilemba kimelegea, nimpungie mkono kila mmoja. Nikasema moyoni, ni hatua chache tu, litapita. Kiburi, Buya. Hakikuwa kingine.

Na lilipozama, ukakanyaga, tairi zikazunguka, injini ikalia mpaka juu, gari likazidi kwenda chini. Wanawake wakaja, sketi wamezifunga kiunoni. Ukanigeukia, hukuwa na hasira hata kidogo, ukauliza tu, "Nyanya, si ulisema pamekauka?"

Ningeweza kujibu mambo mengi. Nilijibu mbele ya wote, na kwa sauti, "Njia ni nzima. Gari lako ndilo halina nguvu. Kelele nyingi, kazi hakuna. Babu yako angecheka."

Na wao ndio wakacheka. Nakumbuka ulivyoutoa mkono kwenye gia.

Akaja Guyo, yule Muorma mwenye lori la kupeleka ng'ombe mnadani. Akasimama juu ya tuta, akateremsha kamba, akasema, "Kijana, hiki kindama chako kinalia sana, kimeachishwa ziwa lini?" Wakacheka tena. Lori halikupandisha sauti. Lilinguruma kidogo tu, taratibu, kama mashine ya babu yako, kamba ikakaza, na kigari kikatoka kwenye tope kama jino. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Harufu ya klachi iliyoungua ilikuwa imejaa shamba zima.

Uliniletea kikapu mpaka mlangoni. Nilikuwa nimekupikia wali wa nazi na kambare tangu alfajiri, kabla ya kwenda sokoni. Ukasema umeshiba. Ukaondoka na gari limefungwa nyuma ya lori la Guyo, na Jumapili wenzako wakashindana bila wewe. Mkono wangu kichwani hukuutaka tena, na mimi sikukupa.

Wiki iliyofuata nilikutana na Guyo kisimani. Nikamsifu kwa lori lake. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa. Akasema, "Mama, mimi sikushuka pale. Nilivuta nikiwa tutani, kwenye ardhi ngumu. Ningeshuka kule chini, lori langu lingezama mpaka kioo. Nguvu ya injini haili tope. Yule kijana alipelekwa kule na nani?"

Nikamwambia sijui. Nilikaa na uongo huo wa pili mwaka mzima.

Kwa hiyo nisikilize, na unisikilize kama fundi, usinisikilize kama mjukuu. Neno nililokutupia halikuwa habari za injini. Tope lile halijali kama injini inavuta chini au inavuta juu. Tairi zako ni laini, za lami, hazikuwa na kitu cha kushika, na injini yoyote ungetia ingezungusha bure. Hiyo ya turbo ingezungusha bure mapema zaidi, basi. Nimesema uongo, Mama Hadhara? Amecheka, anasema hajui, yeye anajua cherehani.

Mimi nikitaka kupandisha maji, nipe ya dizeli. Sitakudanganya tena ili nikufurahishe. Napenda kitu kinachovuta bila kupiga yowe, ndivyo nilivyozoea, na nikiwa na mizigo ya mpunga sitaki injini inayoniambia ngoja kwanza niamke. Lakini wewe hupandishi maji. Wewe unakata kona. Uliniambia mwenyewe gari lile ni jepesi pua, ndiyo maana linageuka. Sasa unataka kulitwika chuma kikubwa mbele. Umeshapiga kasia mtumbwi uliopakiwa magunia upande wa mbele? Unaukumbuka ule wa mjomba wako, siku tuliyotaka kuingia kijito cha mkono wa kushoto, ukaenda moja kwa moja kwenye matete na sisi tunapiga kelele? Hayo ndiyo unayojitafutia.

Labda nimekosea. Labda hiyo kubwa ni nzuri, na mafundi wenzako wanajua mengi. Kama wewe mwenyewe, ukiwa umetulia, umepima, umeona nguvu za chini ndizo zitakufaa, itie, na mimi nitaiombea. Usiitie kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyetaka kuonekana. Na lile la kuachia mafuta kabla ya wakati ndilo linaloninyima raha. Mtu anayeingia kona huku anabishana na bibi yake kichwani ataumia, Buya. Nilimzika mama yako. Sina nguvu za kuzika wa pili, na huyo wa pili awe ameuawa na ulimi wangu. Nitoe humo ndani ya gari. Nishushe njiani, popote, nitatembea.

Kwetu neno lililotemwa mbele za watu haliokotwi chumbani. Kwa hiyo barua hii siifungi kwa gundi. Dereva aisome, utingo aisome, na wenzako wa gereji wakusomee kwa sauti kama wanataka. Jana alasiri nilikwenda shambani kwenye mpunga, wakiwa wote wameinama, nikasimama tutani nikawaeleza habari ya bodaboda na nilivyompita. Hakuna aliyecheka. Mama Dhadho peke yake ndiye aliyejibu, akasema, "Sisi tulijua. Wote tuliiona ile pikipiki. Tulikuwa tunangoja useme." Mwaka mzima, Buya. Mwaka mzima wananisalimia.

Sasa Mama Hadhara anatazama jua, na mimi nimeshavaa viatu vya kwenda Garsen. Sikuombi uje. Ukija nitafurahi, na nitakuonyesha njia ya tutani mwenyewe, kwa miguu, mbele ya gari. Lakini siombi hilo. Naomba kitu kimoja. Ukimaliza kusoma, kama injini bado imo, iwashe. Nipigie simu, usiseme neno, iweke simu karibu, halafu ipandishe polepole mpaka kule juu inakokaa, na uiache pale kidogo. Nitasikia kama unaachia mapema. Masikio yangu bado ni mazima.

Na kama barua imechelewa, umeshaitoa, nipigie vile vile, uniambie. Nitalia siku moja, kisha nitataka kuisikia hiyo mpya.

Mungu akuwekee mkono kichwani pale ambapo mimi niliuondoa.

Ni mimi, nyanya yako, mama wa mama yako.